Mkongo Ukikatwa Vitani, Nani Ataunga?

Barua ya wazi kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha

Waheshimiwa Mawaziri,

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikwama kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali. Kurasa ziligoma kufunguka, simu za video zikawa vipande vipande, na waliokuwa wamejiunga na bando la siku wakalitazama likiisha muda bila kutumika. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu mtandao nchini haukuwa na nguvu ya kufanyia kazi. Mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika katika pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Tanzania iliumia sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya mawasiliano yake ya nje ilipita humo. Kenya iliyumba lakini haikuanguka, maana ilikuwa na njia nyingine, ikiwemo TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa hadi Fujairah bila kugusa Bahari ya Shamu wala Afrika Kusini. Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska, kila moja ilipata fungu lake la adha.

Serikali zilitoa taarifa, kampuni za simu zikaomba radhi, meli ya matengenezo Léon Thévenin ikafika kutoka Cape Town, na baada ya takriban wiki tatu mambo yakatengemaa. Faili likafungwa.

Lilifungwa mapema mno. Kilichotokea Durban kilikuwa nusu tu ya kisa. Nusu nyingine ilikuwa imeshatokea miezi mitatu kabla, maelfu ya kilomita kutoka hapo, katika vita vya watu wengine.

Tarehe 18 Februari 2024 wapiganaji wa Kihuthi wa Yemen waliipiga kwa kombora meli ya mizigo Rubymar karibu na mlango bahari wa Bab el-Mandeb. Ilikuwa ikipeperusha bendera ya Belize na ndani ilikuwa na mbolea, tani 21,000 hivi. Mabaharia walitia nanga, wakaiacha meli na kuokolewa. Maji yakaendelea kuingia, na meli isiyo na mtu ikasukumwa na mkondo na upepo huku nanga ikiburuzwa chini, mpaka ikazama tarehe 2 Machi. Katikati ya siku hizo, tarehe 24 Februari, mikongo mitatu iliyolala katika eneo hilo ilikatika: AAE-1, EIG, na ule wa SEACOM/TGN-Eurasia. Kampuni ya HGC ya Hong Kong ilikadiria kuwa robo ya mawasiliano yanayopita njia hiyo iliathirika.

Kwa msomaji wa Mombasa au Mwanza, hiyo ilikuwa habari ya Waarabu na Wazungu. Lakini kipande cha SEACOM kilichokatika ndicho kinachoiunganisha Mombasa na Zafarana nchini Misri, na kutoka hapo Ulaya. Kuanzia siku ile, mzigo wa SEACOM wa Afrika Mashariki ulilazimika kuelekezwa kusini, ukaizunguke Afrika Kusini ndipo upande kwenda Ulaya. Tarehe 14 Machi mikongo minne ya pwani ya magharibi, WACS, MainOne, ACE na SAT-3, nayo ikakatika karibu na Abidjan, na njia ya kuzunguka ikazidi kuwa nyembamba. Nyumba ya milango miwili ilikuwa imebaki na mmoja. Mei ilipofika, huo mmoja nao ukafungwa, na wenye nyumba wakashangaa kana kwamba ni mara ya kwanza kusikia kitasa kikilia.

Je, yale ya Bahari ya Shamu yalikuwa hujuma? Wahuthi walikana kuilenga mikongo, na ushahidi unaojulikana unaielekea nanga ya Rubymar. Hakuna haja ya kuwabambikia kesi ya nyaya. Kombora lenyewe walilitangaza wao. Ila hapo ndipo sheria inapopotea njia. Aliyerusha kombora hakuwa akilenga mkongo. Aliyetia nanga alikuwa akiokoa roho yake. Mwenye meli ameshapoteza meli na mzigo. Mkongo umekatika, nchi kadhaa zimeyumba, na kizimbani hakuna wa kusimama.

Wala Wahuthi hawako peke yao katika orodha hii. Januari 2022 ndege za muungano ulioongozwa na Saudi Arabia zilipiga jengo la mawasiliano mjini Hodeidah, pale mkongo wa FALCON unapotua, na Yemen karibu nzima ikakaa siku nne bila intaneti. Septemba 2025, mikongo ya SMW4 na IMEWE ilikatika karibu na Jeddah. Pakistan, India na Umoja wa Falme za Kiarabu zilihisi, na Microsoft ikawatangazia wateja wake wa Azure kwamba mawasiliano yatachelewa. Safari hiyo wataalamu wa mikongo walisema inaelekea ni meli ya biashara tu iliyoburuza nanga. Bahari ile ile, basi, imeona ndege, kombora na uzembe wa kila siku, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake Kampala hakuweza kutofautisha kimoja na kingine.

Ni haki kuwaambia wasomaji kwamba dunia hurekodi hitilafu 150 hadi 200 za mikongo ya baharini kila mwaka, na nyingi zinatokana na nanga na nyavu za wavuvi. Anayeona jasusi nyuma ya kila hitilafu anajisumbua. Mombasa yenyewe inalijua hilo: Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari iliukata TEAMS, siku chache tu baada ya mikongo mingine, EASSy ukiwamo, kukatika katika Bahari ya Shamu. Lakini wingi huo wa ajali ndio unaompa mhujumu kichaka cha kujificha. Nanga ni silaha ya bei rahisi, haihitaji baruti, na anayeitumia anaweza siku zote kusema ilimponyoka.

Mataifa makubwa yamelijua hili kwa zaidi ya karne. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1914, saa chache baada ya Uingereza kuingia vitani, meli yake iliyoitwa Alert iliikata mikongo ya telegrafu ya Ujerumani katika bahari inayoitenga Uingereza na bara la Ulaya. Tangu hapo Berlin ilitegemea redio na nyaya za watu wengine, na Waingereza wakawa wanasikiliza. Hakuna mkataba uliovunjwa kwa tendo hilo. Mkataba wa Paris wa mwaka 1884, ambao ndio wa kwanza kulinda mikongo ya baharini, unasema wazi katika kifungu chake cha 15 kwamba hauzifungi mikono nchi zilizo vitani. Zanzibar wakati huo ilikuwa tayari ina mkongo wa telegrafu kutoka Aden, uliolazwa mwaka 1879. Aden ile ile, bahari ile ile. Tumebadilisha shaba kwa nyuzi za kioo, njia tumeiacha palepale.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ulisogea hatua moja. Kifungu cha 113 kinaitaka kila nchi itunge sheria ya kumwadhibu yeyote anayeuvunja mkongo katika bahari kuu, kwa makusudi au kwa uzembe wa kulaumiwa, akiwa katika meli yenye bendera ya nchi hiyo. Wajibu umewekwa hasa juu ya bendera. Barua hii itarudi kwenye bendera, kwa sababu mawaziri wawili au watatu miongoni mwenu wana jambo la kujibu hapo. Kwanza, meli ya matengenezo.

Watu wengi hudhani tatizo ni kukatika. Wanaofanya kazi na mikongo watawaambia kwamba kukatika kumeshazoeleka. Kinachowanyima usingizi ni kuunga. Mkongo wa bahari kuu una unene wa sentimita mbili hivi, umelala chini kwa kina cha kilomita kadhaa, na sehemu iliyokatika hutafutwa kutoka nchi kavu kwa kupeleka mwale wa mwanga ndani ya uzi na kupima unachukua muda gani kurudi. Meli huenda mpaka mahali hapo, ikashusha kulabu, ikaburuza taratibu juu ya sakafu ya bahari mpaka inase ncha moja. Ncha hiyo hufungwa kwenye boya. Meli hurudi kuitafuta ya pili. Kisha mafundi hukaa ndani ya chumba safi wakiunga uzi mmoja mmoja, wakiongeza kipande cha akiba, wakipima, na mwisho wanaushusha tena. Wakati wote huo meli imesimama mahali pamoja au inatambaa. Haiwezi kukimbia. Haiwezi hata kugeuka ghafla, kwa kuwa ina mkongo ubavuni.

Sasa iwekeni meli hiyo mbele ya pwani ambayo makombora yanarushwa kutoka huko. Kampuni ya bima itadai malipo ya hatari ya vita, au itakataa kabisa. Nahodha atataka ahadi kutoka kwa kila mwenye silaha. Halafu kuna karatasi. Katika hali ya kawaida matengenezo huchukua wiki moja hadi tatu. AAE-1, uliokatika Februari 2024, ulirudi Julai. Miezi mitano! Maji hayakuwa na kina cha kutisha na mafundi hawakukosekana. Yemen ina serikali mbili, moja inayotambuliwa kimataifa yenye makao Aden na nyingine ya Wahuthi huko Sanaa, na shirika la simu la TeleYemen, ambalo ni mmoja wa wanachama wa AAE-1, nalo limepasuka kufuata mpasuko huo. Ukimwomba mmoja kibali, umemtambua. Ukimlipa mmoja ada, umemsaidia adui wa mwenzake. Mkongo uliojengwa na kampuni za kutoka Hong Kong hadi Ufaransa ukabaki umelala mchangani ukisubiri muhuri.

Waheshimiwa, mnaweza kusema hiyo ni Yemen. Basi tazameni ramani ya Jumuiya yenu wenyewe tangu Somalia ilipojiunga. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, sehemu kubwa ya uamuzi ikaegemea upande wa Somalia, na Kenya ikatangaza kuwa haiutambui. Mikongo inayotoka Mombasa kuelekea kaskazini inapita pande hizo. Siku mmoja ukikatika ndani ya maji yanayogombaniwa, nani atasaini kibali? Nairobi ikisaini, Mogadishu italalamika. Mogadishu ikisaini, Nairobi itaona imekubali hukumu ya The Hague kwa mlango wa nyuma. Hizi ni nchi mbili wanachama, zenye mabalozi na safari za ndege kila siku. Hazipigani. Bado mkongo unaweza kulala hapo kwa miezi.

Na Somalia inajua gharama yake kuliko yeyote mezani. Juni 2017 meli ya makontena iliukata mkongo wa EASSy karibu na Mogadishu. Sehemu kubwa ya kusini na kati ya nchi ilikaa zaidi ya wiki tatu bila intaneti, na waziri wa mawasiliano wa wakati huo akasema nchi inapoteza dola milioni 10 kila siku. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 2009, ulazaji wa SEACOM yenyewe ulichelewa kwa sababu ya maharamia wa pwani hiyo hiyo. Eneo letu halikuanza jana kujua kwamba nyaya na bunduki hazikai vizuri maji mamoja.

Sasa bendera. Siku ya Krismasi ya mwaka 2024 meli ya mafuta Eagle S iliburuza nanga katika Ghuba ya Ufini na kuukata mkongo wa umeme wa Estlink 2 pamoja na minne ya mawasiliano. Ufini haikusubiri. Makomando walishuka kwa helikopta, meli ikapelekwa bandarini, nahodha na maofisa wawili wakashtakiwa. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki iliitupa kesi hiyo ikisema haina mamlaka: mikongo ilikatika nje ya maji ya Ufini, na mwenye haki ya kushtaki ni nchi ya bendera au nchi za mabaharia wenyewe. Bendera ilikuwa ya Visiwa vya Cook, katika Bahari ya Pasifiki. Taiwani walipata bahati zaidi. Meli Hong Tai 58, iliyosajiliwa Togo, ilikamatwa karibu kabisa na pwani yao mwezi Februari 2025, na Juni nahodha wake Mchina akahukumiwa miaka mitatu jela.

Belize, Visiwa vya Cook, Togo. Bendera hizi zina tabia moja: meli inaweza kuzipata bila kuiona nchi yenyewe. Na Januari 2025, mkongo mmoja ulipoharibika kaskazini mwa Taiwani, meli iliyoshukiwa, Shunxin-39, iliripotiwa kuwa na usajili wa nchi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa Kamerun. Ya pili ilikuwa Tanzania.

Inawezekana bendera hiyo ilitumika kwa udanganyifu. Meli za namna hiyo hubadili majina kama mtu anavyobadili laini ya simu, na wenye meli walikana kuhusika. Hata hivyo si mara ya kwanza. Mwaka 2012 Tanzania ililazimika kuzifuta meli 36 za mafuta za Iran zilizokuwa zimepewa bendera yake kupitia wakala wa Zanzibar aliyekuwa Dubai. Januari 2018 Rais John Magufuli aliamuru usajili wa meli za kigeni usimamishwe baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Nchi ambayo bendera yake iliuzwa kupitia wakala wa ng'ambo ndiyo ambayo, kwa kifungu cha 113, inatakiwa kumshtaki mkata mkongo. Waziri wa Uchukuzi wa Tanzania na mwenzake wa Zanzibar wanapaswa kuliangalia hilo pamoja, na haraka, kabla nanga ya meli yenye bendera ya kijani, nyeusi, bluu na manjano haijaukata mkongo wa jirani ndani ya Bahari ya Hindi.

Lipo jambo jingine ambalo halipendezi kuandikwa, na barua hii ingekuwa ya unafiki bila hilo. Serikali inayozima intaneti yenyewe huwa na mdomo mzito wa kulalamikia hujuma. Uganda ilizima Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Tanzania ilizima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, na watu wakakaa siku kadhaa wasijue ndugu zao wako hai au la. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wa Kenya wakiwa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, mtandao ulidorora ghafla, na Safaricom ikasema mikongo miwili ya baharini imepata hitilafu. Inawezekana ilikuwa kweli. Wachache waliamini. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu siku adui wa kweli atakapokata mkongo, wananchi watakuwa wa kwanza kusema ni serikali yao, na watakuwa na sababu.

Wapo watakaowaambia kwamba dawa ni mikongo zaidi, na wana hoja. 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000 hivi, umetua Mombasa na Dar es Salaam. Lakini Meta na washirika wake walipotangaza Novemba 2025 kwamba sehemu kuu imekamilika, kipande cha Bahari ya Shamu kilikuwa bado. Fedha za kampuni tajiri kuliko bajeti zenu zote zilikwama mlango ule ule wa Bab el-Mandeb. Watakaosifia njia ya nchi kavu nao wana hoja. Mei 2024, mtandao ukiwa bado unasuasua, Google ilitangaza Umoja, mkongo utakaotoka Kenya kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, kisha baharini hadi Australia. Miezi minane baadaye Goma, mashariki mwa Kongo, ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na wanachama wawili wa Jumuiya hii, Kongo na Rwanda, wakawa wanatuhumiana mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Nchi kavu nayo ina Hodeidah zake. Setelaiti za Starlink zinafanya kazi Kenya, Rwanda na kwingineko, zinafaa kwa zahanati ya mbali na kwa mwenye uwezo, ila hazibebi mzigo wa nchi nzima.

Njia nyingi zinapunguza maumivu. Haziondoi swali la kibali.

Kwa hiyo ombi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kibali kimoja cha Jumuiya. Meli yoyote inayokuja kuunga mkongo unaotua katika nchi mwanachama iruhusiwe kuingia maji ya mwanachama yeyote kwa taarifa ya saa 48, pamoja na mafundi wake bila kuhangaishwa na viza, na kipande chake cha akiba bila kukaa forodhani. Makubaliano yaandike wazi kwamba kutoa kibali hicho hakumaanishi kuukubali wala kuukataa mpaka wowote wa bahari. Mstari huo mmoja ndio utakaoiwezesha Kenya kusaini na Somalia kusaini. Na yaandike pia kwamba yatadumu hata wanachama wakigombana, maana hapo ndipo yatakapohitajika. Mkishayasaini ninyi kwa ninyi, pelekeni nakala Djibouti, Asmara, Port Sudan, Aden, na ndiyo, kwa njia mtakayoiona inafaa, Sanaa. Oman imezoea kubeba ujumbe wa namna hiyo, na ina udugu wa kale na pwani hii.

Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini zisikae nyuma kwa kuwa hazina bahari. Hazina kibali cha kutoa, lakini bili ya kukatika huzifikia ikiwa imeongezeka kila mpaka inaouvuka. Shirika la mawasiliano la kanda, EACO, lina makao yake Kigali. Rasimu ianzie huko.

La pili ni meli. Léon Thévenin, iliyoundwa mwaka 1983, ni miongoni mwa meli chache mno zinazoihudumia Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2023 ndiyo iliyoitwa kuunga mikongo iliyovunjwa na maporomoko ya chini ya bahari mbele ya mdomo wa Mto Kongo. Meli moja haiwezi kuwa katika bahari mbili kwa wakati mmoja. Jumuiya haihitaji kununua yake. Inaweza kuchangia mkataba wa kuwa na meli ya zamu Mombasa au Dar es Salaam, pamoja na mfuko wa kulipia bima ya vita pale kampuni za bima zinapogoma.

La tatu ni sheria. Kila mwanachama mwenye sajili ya meli aangalie kama kukata mkongo, kwa makusudi au kwa uzembe, ni kosa lenye adhabu katika vitabu vyake, na kama bendera yake inatolewa na mtu anayejua meli hiyo ni ya nani.

La nne linafanyika bila kuingia baharini hata kidogo. Ujumbe wa mtu wa Arusha kwenda kwa mtu wa Nairobi hauna sababu ya kusafiri mpaka Marseille na kurudi. Vituo vya kubadilishana mawasiliano vipo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Serikali zianze na tovuti zao wenyewe, mifumo ya kodi, ya hospitali na ya shule, zihifadhiwe ndani ya kanda, ili mkongo ukikatika watu wapoteze filamu za jioni tu, na malipo ya dawa yaendelee.

Na mikongo ikikatika, semeni ukweli siku hiyo hiyo: mkongo upi, wapi, meli iko wapi, na kama ni amri ya serikali, semeni ni amri.

Februari 2025 dunia ilikutana Abuja katika mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu uimara wa mikongo ya baharini, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Nigeria ilikuwa mwenyeji, na waziri wake akaketi kama mwenyekiti mwenza wa bodi ya ushauri. Afrika Magharibi iliumia Machi 2024 na mwaka uliofuata ikaita kikao. Afrika Mashariki iliumia Februari na tena Mei mwaka huo huo.

Waheshimiwa, liwekeni suala la kibali katika ajenda ya kikao kijacho cha Baraza, kabla ya warsha nyingine yoyote ya uchumi wa kidijitali, na waziri wa Kenya na wa Somalia wawe wa kwanza kusaini.